Mwaka wa Kwato za Sista

Kasiani ameniomba niandike haya kabla sijasahau. Nimemjibu kwamba kusahau si tatizo langu, tatizo langu ni magoti. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Mwezi uliopita niliinama kuinua mguu wa farasi jike mmoja, nikamsafisha kwato vizuri kabisa, halafu nikashindwa kuinuka. Farasi akageuza shingo, akawa ananitazama kama mwenyeji anayesubiri mgeni aage. Nikajua imetosha.

Basi ninyi mnaobaki bandani hapa Pito, someni. Habari za mishahara sitaziandika, mnazijua kuliko mimi. Za vyeo pia sitaandika, maana hapa vyeo ni viwili tu, mwenye koleo na mwenye kushika kamba, na hubadilishana kila siku. Nitaandika ya mwanzo, kwa sababu hayo mengine mmeyakuta.

Wengi wenu hamkumkuta marehemu Mzee Leonsi, aliyelianzisha shamba hili. Alipenda farasi tangu utoto, na mimi sikujua alikoupata ugonjwa huo mpaka siku aliponisimulia mwenyewe tukikata majani. Alipokuwa mdogo, padri mmoja alikuwa akifika kijijini kwao kusoma misa akiwa juu ya farasi, na kazi ya kushika kamba nje wakati wa misa akapewa yeye. Misa zote hizo hakusali hata moja. Dhambi hiyo akaiungama kwa padri huyohuyo, na malipizi aliyopewa, alisema, yalikuwa kumwogesha farasi. Nilimwambia hayo si malipizi, hiyo ni zawadi. Akasema ndiyo maana aliendelea kutenda dhambi.

Akaendesha malori miaka thelathini, anabeba mahindi ya Ufipa kupeleka mikoa mingine. Kila alipofika upande wa Arusha alikuwa anaegesha kando ya uzio wa shamba moja la farasi, anatazama weee, halafu anaondoka. Utingo wake alidhani ana mwanamke humo ndani. Alipoacha kazi, watu walitegemea atanunua lori lake mwenyewe. Akarudi na farasi jike mwenye mimba, nyuma ya lori la mtu mwingine, siku tatu njiani.

Pito nzima ilitoka kumwona. Alikuwa wa kahawia, na kwenye paji alikuwa na weupe ulioshuka pande mbili kama shela ya mtawa, ndipo akaitwa Sista. Paroko aliposikia jina alikunja uso, kisha alipomwona akakubali kwamba kweli anafanana. Watu wakauliza: halimi, hakamuliwi, haliwi, sasa wa nini? Mzee akawajibu kwamba kwanza ni wa kutazama. Mkewe, Mama Desderia, alichukua shamba lake la ulezi, lile zuri la kando ya kijito, akaacha kulilima ili liwe malisho. Mwanamke wa Kifipa kuachia shamba la ulezi si jambo dogo, na mpaka leo namheshimu mama yule kwa tendo hilo kuliko kwa maneno yote aliyowahi kuniambia, na alikuwa na maneno.

Mimi nilitoka kijiji cha Kate, mjane mwenye watoto wanne, nikawa nauza majani kwa wafugaji wa ng'ombe mjini. Mzee alinisimamisha barabarani, akaufungua mzigo wangu bila kuniomba ruhusa, akanusa, akachambua, akakuta hakuna jani lililooza. Akaniuliza nani kanifundisha kuchagua. Nikamwambia nakata majani ambayo ningeyalalia mwenyewe. Kesho yake nikawa mfanyakazi wake wa kwanza, na kwa muda mrefu nilikuwa wa pekee.

Siku hiyo ya kwanza nilimwendea Sista kwa nyuma, kama ng'ombe. Nilikuja kujikuta nimekaa ndani ya ndoo ya maji upande wa pili wa banda. Hakunipiga teke, alinisukuma tu kwa makalio, na naamini alikuwa ananifundisha. Aliyenivuta mkono nikasimama ni Kasiani, kitinda mimba wa Mzee, wakati huo kijana wa miaka ishirini na minne aliyetoka chuo cha mifugo na cheti chake mfukoni. Hakucheka. Mimi ningecheka. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, ingawa kwa umri ningeweza kumbeba mgongoni.

Aliyonifundisha ndiyo hayo ninayowapigia kelele ninyi kila siku. Mwendee begani. Sema kwanza, gusa baadaye. Kwato zichokolewe kuanzia kisigino kwenda mbele, siyo kinyume, usije ukamchoma. Na kila asubuhi weka vidole viwili nyuma ya mguu, juu kidogo ya kwato, utafute mshipa. Farasi akiwa mzima, mshipa huo unautafuta mpaka unakata tamaa. Siku ukiusikia unadunda bila kuutafuta, kwato ina moto ndani, acha kila kitu ukaite mtu. Kwa miezi ya mwanzo niliushika mshipa ule nikiwa sisikii chochote, nikawa najibu kwamba nimesikia. Kasiani alijua, akawa ananirudisha tena na tena kwa upole uliokuwa unaniudhi.

Vifaa ninyi mnavyo vya kuagizwa, vina mishikio ya mpira. Sisi tulikuwa na mundu wa kukatia majani, koleo la fundi bomba, na tupa niliyokwenda kununua mwenyewe mjini, Majengo, kwa muuza vifaa vya useremala. Aliniuliza nataka kusawazisha mlango gani. Nikamwambia nataka kusawazisha kucha. Aliitazama miguu yangu kwa muda, akanipa tupa kubwa zaidi bila kuniongezea bei.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mzee alikuwa na watoto sita. Watano walikuwa mijini, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusikia habari za farasi, waliona baba yao anazeeka vibaya. Kasiani peke yake ndiye aliyerithi ule ugonjwa. Mzee alikuwa akisema waziwazi: Sista akizaa salama na Kasiani akibaki, kuna shamba, kimoja kikikosekana, kuna mzee na kichaa chake. Kwa hiyo tulimlea Sista kama yai. Kasiani aliandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya chakula: Sista, majani na maji, pumba kopo mbili, basi. Akatueleza kwamba tumbo la farasi si tumbo la ng'ombe, kwamba ng'ombe akila vibaya ana nafasi ya kurekebisha, farasi hana. Sote tuliitikia kwa kichwa, Mzee akiwa wa kwanza.

Ikafika jubilei ya miaka arobaini ya ndoa ya Mzee na Mama Desderia. Ilikuwa Julai, mavuno yako ghalani, baridi ya kukata masikio. Pombe ya ulezi niliipika mimi na wanawake wenzangu, na niseme bila kujivuna kwamba ilikuwa nzuri. Ilipochujwa yakabaki machicha, pipa zima, yana joto bado, matamu, yananukia mpaka bandani. Sista akawa anatoa kichwa juu ya mlango anavuta pua. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

Desturi ya kwetu mnaijua. Mwenye mimba hapitwi na harufu ya chakula cha sherehe. Ukipika, jirani mjamzito akasikia harufu, unampelekea hata kijiko kimoja, la sivyo roho inakusuta. Na Sista hakuwa mnyama tu pale, alikuwa mtu wa nyumbani mwenye mimba. Basi nikachukua ufunguo wa stoo kwenye msumari wa jikoni, nikatoa ndoo, nikaijaza machicha, nikampelekea. Akala kwa adabu zote. Ile chaki mlangoni niliiona. Nikajiambia haijakataza machicha, imesema tu habari ya pumba. Nikarudi uani kucheza ngoma, na mlango wa stoo nikauacha wazi.

Asubuhi nilimkuta amesimama vibaya. Miguu ya mbele ameitanguliza, uzito wote kauegemeza nyuma, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto na hana pa kurukia. Niliweka vidole. Mshipa ulikuwa unadunda. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia kwa hakika, na nilitamani nisingeusikia.

Kasiani alikuja mbio akampima. Akasema amekula kitu kilichochacha au nafaka nyingi, sumu imeshuka kwenye kwato, na ikiendelea mfupa wa ndani utaachana na kwato. Hapo hatasimama tena, na mtoto ataondoka naye. Mzee alikuwa ameshauona mlango wa stoo uko wazi na gunia la pumba liko pale karibu. Ufunguo ulikuwa dhamana ya Kasiani. Wageni waliolala walikuwa bado uani wanakunywa chai, na mbele yao wote Mzee akasema:

"Mnyama huyu nimemsubiri maisha yangu yote. Wewe umemuua kwa siku moja. Ondoka hapa kwangu."

Kasiani akasema mlango aliufunga. Mzee akasema tena, ondoka. Kijana akaingia ndani, akatoka na begi. Alipopita kwangu akaniambia kwa sauti ya chini nimpeleke Sista kijitoni, maji yafike juu ya kifundo, na asitoke siku tatu, kwamba baridi ndiyo dawa pekee tuliyo nayo. Mtu amefukuzwa, na bado anaacha maelekezo ya dawa.

Na mimi nilinyamaza. Naandika hivyohivyo bila kupaka rangi: nilinyamaza. Nilikuwa na watoto wanne na kazi moja. Kwa aibu ile nikafanya kazi kama punda. Nilimshawishi Sista hatua kwa hatua mpaka kijitoni, kila hatua anatetemeka, nikaingia naye majini. Maji ya Pito ya Julai mnayajua. Baada ya muda sikuwa na habari kama bado nina vidole vya miguu.

Tulipokezana, Mzee, Mama Desderia na mimi. Siku ya pili asubuhi nilikuwa na Mzee, yeye kulia kwa Sista, mimi kushoto, nguo tumezikunja mpaka magotini. Mzee alikuwa amekonda kwa siku moja. Akaanza kusema, hasemi na mimi hasa, kwamba laiti angekuwa na mtoto mwangalifu, leo tusingekuwa majini. Hapo nikashindwa.

"Mzee," nikasema, "mlango wa stoo niliuacha wazi mimi. Na pumba hakuigusa. Nilimpa machicha, ndoo moja, kwa sababu ana mimba."

Nilianza kuhesabu moyoni vyombo vyangu vya kufunga kurudi navyo Kate. Kisha akauliza, bila kunitazama:

"Ndoo kubwa au ndogo?"

"Kubwa."

"Mimi nilimpa mbili," akasema.

Mama Desderia alikuwa ukingoni na birika la chai. Akaliweka chini taratibu, akajifunga khanga upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. Akasema yeye alimpelekea sufuria moja baada ya misa, na nyingine jioni, kwa kuwa alimwona mpweke wakati wenzake wanacheza. Tukatazamana watatu. Kila mmoja alikuwa amekwenda kwa siri, kila mmoja akidhani ni yeye tu mwenye huruma. Ndoo moja huenda isingemfanya kitu. Zote hizo, kwa siku moja, zilitosha kumlaza fahali. Katika nyumba nzima, mtu mmoja tu hakumpa Sista kitu, naye ndiye tuliyemfukuza.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuja kucheka miaka mingi baadaye, na hata hapo nilikwenda kuchekea stoo.

Mzee alinikabidhi kamba, akatoka majini, akaondoka na suruali yake hivyo hivyo imeloa. Alikwenda kwa miguu mpaka Majengo, ambako Kasiani alikuwa amefikia kwa rafiki yake anayeuza vipuri vya baiskeli. Mama Desderia alimfuata, na ndiye aliyenisimulia. Kasiani alikuwa mbele ya duka, wateja wapo. Mzee alipomfikia, akachuchumaa chini, akapiga makofi yale ya taratibu tunayowapigia watu wa heshima. Kwetu mtoto ndiye humfanyia baba yake hivyo. Baba kumfanyia mwanawe, tena barabarani, Mama Desderia alisema hajawahi kuona wala kusikia. Watu wakasimama. Mzee akasema, "Nimekukosea. Machicha nilimpa mimi." Kasiani akamshika mikono akamwinua upesi, kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona chini. Akasema twendeni tukamwone Sista.

Alifika akaingia majini na viatu vyake. Akaweka vidole kwenye mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akafumba macho.

"Umepungua," akasema. "Bado siku moja. Asitoke, Mzee."

Nilimtazama Mama Desderia, naye akanitazama. Mzee ni jina nililomwita mimi niliyeajiriwa. Ndivyo walivyomwita majirani na wauza majani. Kasiani tangu ajue kusema alikuwa akimwita Baba. Mzee naye alisikia. Akaitikia tu kwamba sawa, hatatoka.

Sista hakufa. Tulimtoa siku ya nne, tukamtandikia mchanga wa kijitoni wa kina cha mkono mzima ili kwato zake zipumzike, na akakaa juu ya mchanga huo mpaka mvua za kwanza. Novemba akazaa dume, miguu mirefu kupita akili yake, na Mzee alilia mbele yetu sote bila kujificha. Kasiani alifunga kitovu, akanawa mikono, akasema, "Hongera, Mzee."

Msinielewe vibaya. Kasiani alirudi kazini kwa moyo wote. Alijenga uzio, alipanda majani mapya, alimsomea baba yake kila kitabu cha farasi alichokipata. Hakumjibu vibaya hata siku moja. Adabu ilikuwa kamili, na hiyo ndiyo iliyokuwa inauma. Ningekuwa mimi ningeomba nitukanwe kidogo. Mama Desderia alijaribu kupika, akajaribu kumleta paroko, akajaribu hata kuugua. Mimi siku moja nilimwuliza Kasiani tukichimba mashimo ya nguzo. Akasema, "Mama Remi, nilishamsamehe palepale dukani. Mdomo ndio unakataa." Niliona hasemi uongo, na sikumwuliza tena.

Sasa sikilizeni, maana hii ni kazi yenu. Farasi aliyeugua hivyo, kwato yake hubaki na alama. Huanza juu kabisa, penye manyoya, mfereji mmoja kuzunguka kwato yote. Kwato hukua kama ukucha, kwa hiyo mfereji ule hushuka kidogo kidogo kila mwezi, na chini yake kwato huwa dhaifu, humeguka. Ukikata ovyo unamharibu, usipokata unamharibu zaidi. Inachukua karibu mwaka mpaka mfereji ufike chini uukate, ndipo anasimama juu ya kwato mpya yote. Hakuna dawa ya kuuharakisha. Mkiniuliza nini kilinifanya niwe mkata kwato, jibu ni mwaka ule.

Kila mwezi tulikuwa watatu. Mzee ameshika kamba, Kasiani ana koleo, mimi nina tupa yangu ya useremala. Kasiani alipima kwa kidole gumba. Umeshuka, Mzee. Umefika katikati, Mzee. Mzee aliuliza maswali mengi kuliko yaliyohitajika, na niligundua kwamba alikuwa anauliza ili ajibiwe. Kufikia mwezi ule wa Machi nilikuwa naona uchungu kumtazama. Mtu aliyesubiri farasi maisha yake yote, amempata, ana hata mtoto wa Sista, na bado anasimama pale kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Ikarudi Julai. Baridi ileile, upepo unapiga mabati. Mfereji ulikuwa umefika ukingoni. Dume letu dogo lilikuwa na miezi minane, limejaa utundu, linatafuna shati la Kasiani mgongoni wakati ameinama na mguu wa Sista mapajani. Kasiani akabana koleo, akakata kipande cha mwisho, kikaanguka chini na ule mfereji wote. Nikapiga tupa mpaka pakawa laini. Tukaishusha kwato, ikakaa sawasawa ardhini, Sista akaikanyagia uzito wake wote akatulia. Kasiani akauchukua mguu wa pili. Yule mtoto wa Sista akarudi akamsukuma, akakaribia kumwangusha.

"Baba, hebu mshike huyu mtoto," akasema Kasiani, hata kichwa hakuinua. "Ananisumbua."

Alisema kawaida tu, kana kwamba hata jana na juzi alimwita hivyo. Mimi nilikazana na tupa, sikuthubutu kuangalia mtu. Mzee aliiachia kamba ya Sista, ambaye hakujongea, akamwendea yule mtoto begani, akamkumbatia shingo kwa mikono miwili. Akaendelea kumshika hata baada ya sisi kumaliza kwato zote nne na kukusanya vifaa.